Nakala moja, wasomaji saba: namna ya kuzungusha riwaya ya kihistoria kwa posta

Swali: Sisi ni wasomaji saba wa Kiswahili nchini Uganda, tumetawanyika Bombo, Masindi, Arua, Gulu, Soroti, Mbale na Jinja. Tumechanga tukanunua nakala moja ya riwaya ya kihistoria yenye kurasa 420, inayosimulia miaka ya 1890: vita vya Mengo, askari wa Kinubi, Kabaka Mwanga wa Buganda na Mfalme Kabalega wa Bunyoro. Tunataka izunguke kwa posta na kila mmoja aandike maoni yake. Mwaka jana tulijaribu kwa kitabu kingine. Kilikwama kwa msomaji wa tatu, na maoni tuliyopata yalikuwa "kizuri sana" na "nakubaliana na mwenzangu". Safari hii tuanze vipi? — Mwalimu, Bombo.

Jibu:

Mwalimu, kitabu kukwama na maoni kukosa nyama ni ugonjwa mmoja. Mlipanga safari ya kitabu, hamkupanga safari ya maandishi. Msomaji aliyeachiwa kitabu bila kujua aandike nini, wapi na lini, huahirisha. Akiahirisha huona haya, na akiona haya hunyamaza, kitabu kikalala kwake miezi. Ndiyo maana naanza na daftari, kisha nitakuja kwenye stempu na vifurushi.

Daftari

Nunueni kaunta buku ndogo ya A5, ya kurasa 96, yenye jalada gumu. Kabla ya kuandika chochote, zipeni kurasa zote namba kwa mkono, 1 hadi 96. Kurasa 12 za mwanzo ni za wote: ratiba ya njia, orodha ya wahusika, jedwali la miaka, ramani ya kuchora kwa mkono na ukurasa wa shaka nitakaoueleza baadaye. Zinabaki 84. Igaweni riwaya sehemu nne za kurasa 105 hivi, mkikata mwishoni mwa sura, si katikati ya tukio. Sehemu ya kwanza ipewe ukurasa wa 13 hadi 33 wa daftari, ya pili 34 hadi 54, ya tatu 55 hadi 75, ya nne 76 hadi 96. Kila sehemu ina kurasa 21, yaani tatu kwa kila mtu, na nafasi ya kila mtu haibadiliki. Msomaji wa tano, kwa mfano, anajua kuwa kurasa zake za sehemu ya kwanza ni 25, 26 na 27.

Angalieni kwamba daftari limegawanywa kwa sehemu za kitabu, si kwa majina ya watu. Vikundi vingi hufanya kinyume: kila mtu hupewa kurasa zake kumi na mbili mfululizo. Hapo msomaji wa pili akitaka kuona mwenzake aliionaje sura ya tatu, macho yake yanaangukia pia kifo cha mhusika kwenye sura ya thelathini. Kwa mpango wa sehemu, yaliyo mbele yanabaki mbele. Zibaneni sehemu ambazo msomaji hajazifikia kwa klipu pana, na kila anayemaliza kuandika afunike kurasa zake kwa kipande cha karatasi ya kaki. Msitumie pini za chuma za kawaida. Zikipata unyevu hushika kutu, na kutu ile hula karatasi.

Kanuni kuu ni hii, na nawasihi msiilegeze: ukimaliza sehemu, funga kitabu, andika kurasa zako tatu, *ndipo* ufunue za wenzako za sehemu hiyohiyo. Anayesoma maoni ya mwenzake kwanza hujikuta anayajibu badala ya kuandika aliyoyaona mwenyewe. "Nakubaliana na mwenzangu" ilizaliwa hapo. Wala usingoje umalize riwaya nzima ndipo uandike. Ukishajua mwisho, huwezi tena kukumbuka ulivyomwamini mhusika aliyekuja kusaliti, na kumbukumbu hiyo ndiyo yenye thamani kuliko zote kwa wanaokufuata.

Kila ukurasa upigiwe mstari wima, theluthi ya kulia iachwe wazi kabisa. Hapo patajibiwa katika mzunguko wa pili. Kurasa tatu za A5 zilizopunguzwa hivyo hubeba maneno 300 hivi, ambayo mtu huyaandika jioni moja bila kuchoka.

Katika maneno hayo 300, pigeni marufuku "nimependa" isiyo na ushahidi. Kila msomaji anakili sentensi moja iliyomshika, pamoja na namba ya ukurasa. Kwa kuwa nakala ni ile ile moja, ukurasa wa 187 ni wa 187 kwa wote, na hiyo ni faida kubwa msiyoipata kila mtu akisoma toleo lake. Kisha aeleze uamuzi mmoja wa mhusika anaoutilia mashaka, na abashiri kitakachofuata. Ubashiri uliokosea ndio husomwa kwa furaha kuliko maandishi yote. Atakayebaki na nafasi aandike kitu ambacho mji wake tu unakijua: mlima unaotajwa unaonekanaje kutoka barabarani, au wazee wa huko wanalitamkaje jina la mtu fulani. Anayeona jambo linamtoka vizuri zaidi kwa Kilugbara, Kiacholi au Kinyoro, aliandike hivyo, kisha aweke mstari mmoja wa Kiswahili chini yake.

Riwaya na historia

Hapa ndipo kikundi chenu kitakapopata utamu wake, na ndipo vikundi vingi huharibu. Wapo wanaosoma riwaya ya kihistoria kama kitabu cha shule, wakaamini kila tarehe. Wapo pia wanaoisoma kama mkaguzi wa hesabu, wakaitupa kwa kosa moja. Njia ya kati inahitaji maandalizi. Kabla kitabu hakijatoka Bombo, jazeni jedwali la miaka kwenye daftari. Kwa kipindi chenu, mistari hii inatosha kuanzia:

1888, Mwanga anaondolewa, anafuata Kiwewa, kisha Kalema aliyetawala kwa nguvu ya Waislamu; Mwanga anarudi baadaye. 1889, Emin Pasha, gavana Mjerumani aliyewekwa na Misri, anaondoka kwenye jimbo lake la Ikweta, ambalo makao yake yalikuwa Wadelai kando ya Nile. Desemba 1890, Lugard, afisa wa kampuni ya Waingereza, anafika Mengo, makao ya kabaka. 1891, Lugard anawachukua kutoka Kavalli, kusini-magharibi mwa Ziwa Albert, askari Wasudani wa Selim Bey waliobaki baada ya Emin, ndio hao askari wa Kinubi. Januari 1892, vita vya Mengo kati ya Wakatoliki na Waprotestanti. 1894, Buganda inawekwa chini ya himaya ya Uingereza. 1897, Mwanga anaasi, na miezi michache baadaye askari wa Kinubi nao wanaasi na kujikusanya kwenye ngome ya Luba, Busoga. Aprili 1899, Mwanga na Kabalega wanakamatwa Lango na baadaye kupelekwa Ushelisheli. Machi 1900, Mkataba wa Buganda.

Msomaji mwenye jedwali hilo mkononi hapotei mwandishi anaporuka miaka mbele na nyuma, jambo ambalo riwaya za namna hii hupenda.

Ukurasa wa shaka una safu nne: ukurasa wa riwaya, kitabu kinasema nini, tumekuta nini, tumekikuta wapi. Wa kwanza kuona jambo anajaza safu mbili za mwanzo tu. Mwingine njiani atazimalizia. Vitu vidogo vya maisha ya kila siku ndivyo huteleza kuliko vita na wafalme, kwa hiyo tazameni zaidi fedha, usafiri na mavazi.

Fedha: mwanzoni mwa miaka ya 1890 watu wa Buganda walinunua kwa kauri (simbi za baharini), rupia ikaingia kidogo kidogo. Stempu za kwanza kabisa za Uganda, za mwaka 1895, zilipigwa kwa taipureta na mmisionari Ernest Millar, na bei yake ilihesabiwa kwa kauri. Rupia moja ilikuwa kauri 200. Mhusika akilipa shilingi mwaka 1895, andikeni shaka, kwa kuwa shilingi ya Afrika Mashariki ilikuja miaka ya 1920.

Usafiri: reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani, Kisumu, mwishoni mwa 1901. Kampala haikufikiwa hadi 1931. Honi ya treni ikisikika Mengo katika riwaya yenu, hapo pana kosa. Ila msikimbilie kuhukumu. Mwandishi akisema Kisumu ya mwaka 1901 ilikuwa Uganda, yuko sahihi: mkoa ule wa mashariki ulihamishiwa himaya ya jirani mwaka 1902. Msomaji wa leo anaweza kumsahihisha mwandishi kwa ramani ya leo, akawa yeye ndiye aliyekosea.

Mavazi: gomesi, gauni refu la wanawake wa Uganda, ni vazi la karne ya 20, na historia yake inafungamana na shule ya Gayaza iliyoanzishwa mwaka 1905. Mwanamke wa mwaka 1892 aliyelivaa kavalishwa na mwandishi.

Baada ya kupata kosa, lipo swali la pili ambalo lina uzito zaidi: je, hili ni kuteleza, au mwandishi amekusudia? Tuseme riwaya inawakalisha Emin Pasha na Lugard kwenye hema moja, wakizungumza. Watu hao hawakukutana; Emin alipita Kavalli mwaka huohuo wa 1891, Lugard akafika baada yake. Lakini mwandishi aliyewakutanisha huenda alitaka tuwaone kwa pamoja wazungu wawili waliowagombea askari walewale. Hapo maoni mazuri hayaishii "si kweli". Yanauliza tukio lile limefanya kazi gani katika hadithi, na kama kazi hiyo isingefanyika bila kuvunja ukweli. Gomesi ya 1892 haina utetezi wa namna hiyo. Ni kuteleza tu, na linaandikwa kwa mstari mmoja.

Kwa uhakiki, gawaneni kazi kwa jiografia. Wewe wa Bombo na mwenzako wa Jinja mko karibu na Kampala, basi ninyi mshughulikie vitabu: maktaba ya Chuo Kikuu cha Makerere, Makumbusho ya Uganda pale Kamwokya, na jarida la *Uganda Journal* lililoanza mwaka 1934, ambalo lina makala nyingi juu ya kipindi hiki. Wa Masindi, Gulu na Arua wana hazina nyingine, nayo ni wazee. Mwendeeni mzee na swali moja, si kumi. Msimsomee kwanza riwaya inavyosema, maana mzee mwenye adabu atainamisha simulizi yake ifanane na kitabu ili asimwaibishe mgeni. Andikeni maneno yake kama alivyoyasema, tarehe, mahali, na kama aliyaona au aliyasikia kwa nani. Jina lake liandikwe kwa idhini yake tu.

Pale historia inapouma

Njia yenu inapita kwenye makovu. Msomaji wa Masindi, katikati ya Bunyoro, hawezi kuzisoma sura za vita dhidi ya Kabalega kwa moyo alio nao msomaji wa Jinja. Ardhi ya Bunyoro iliyopewa Buganda katika miaka hiyo ilizua mgogoro uliofika hadi kura ya maoni ya 1964, ambapo kaunti za Buyaga na Bugangaizi zilichagua kurudi Bunyoro. Askari wa Kinubi, kwa familia nyingi za Bombo, ni mababu walionyimwa haki yao: mshahara duni uliocheleweshwa na misafara isiyokwisha ndiyo iliyowasukuma kwenye uasi wa 1897. Kwingine askari haohao hukumbukwa kama watu waliokuja na bunduki za mkoloni. Na vita vya 1888 hadi 1892 vina Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti ndani yake, na vizazi vya wote wamo katika kikundi chenu.

Msiepuke mabishano haya. Riwaya isiyoleta ubishi haikustahili gharama ya stempu. Ila ubishi wa kwenye karatasi una hatari yake: hauna sauti wala uso, na msemo uliotoka kwa upole husomeka kwa ukali majuma matatu baadaye katika mji mwingine. Wekeni masharti machache. Kila pingamizi lianze na namba ya ukurasa, ili ubishi ubaki juu ya maandishi. Msema "ninyi" akimaanisha kabila au dini ya mwenzake aandike upya sentensi yake. Jibu la neno lililokuchoma liandikwe kesho yake, si usiku uleule. Na ukitaka kufuta, piga mstari mmoja juu ya maneno. Usichane karatasi: ukichana jani moja, jani lililoshikana nalo upande wa pili wa uzi hulegea na kudondoka, na hilo ni la mwenzako.

Siku, njia na fedha

Kurasa 20 kwa siku humaliza riwaya yenu katika siku 21. Ongezeni siku 7 za safari na ucheleweshaji, mnapata majuma 4 kwa kila mtu, na majuma 28 kwa wote saba. Mkianza mwanzoni mwa Februari, kitabu kinarudi Bombo katikati ya Agosti. Kama mfuko unaruhusu nakala ya pili, inunueni: moja ianze Bombo kwenda Masindi, Arua na Gulu, nyingine ianze Jinja kwenda Mbale na Soroti, kila moja na daftari lake. Mtamaliza kwa majuma 16, na kumbukumbu za wa kwanza hazitapoa. Kama haiwezekani, moja inatosha.

Njia ifuate barabara, si urafiki: Bombo, Masindi, Arua, Gulu, Soroti, Mbale, Jinja, kisha Bombo kupitia Kampala. Kutoka Gulu kwenda Soroti kitabu kinapita Lira, na Soroti, Mbale na Jinja ziko kwenye mkondo mmoja wa magari. Mguu mgumu ni Masindi kwenda Arua. Mabasi ya Kampala kwenda Arua hupita Kigumba kwenye barabara kuu bila kuingia Masindi mjini, kwa hiyo aliye Masindi ama atumie posta, ama akipeleke kifurushi Kigumba mwenyewe.

Gharama za kutuma hazilingani, na anayelipia mguu mrefu ataanza kunung'unika. Changeni sawasawa kabla ya safari, fedha akae nazo mratibu mmoja, naye amrudishie kila mtumaji kwa simu akiona picha ya risiti.

Sasa juu ya kukwama. Mratibu atume ujumbe siku ya 14 na siku ya 20. Siku ya 21 ikifika, kitabu kinaondoka hata kama mtu yuko ukurasa wa 90. Aliyekatizwa anaandika neno moja kwenye kurasa zake zilizobaki, "Narudi", na jina lake linawekwa mwisho wa foleni. Asiulizwe sababu. Huenda kulikuwa na msiba, mavuno au mitihani ya kusahihisha, au riwaya imemshinda. Mlango huu wa heshima ndio dawa ya kitabu kulala kwa mtu, kwa kuwa kinachokilaza mara nyingi ni aibu ya kukirudisha bila kukimaliza.

Kufunga na kutunza

Riwaya nyingi hubandikwa kwa gundi mgongoni, hazishonwi, na mikono saba itaijaribu gundi hiyo. Mwenye zamu ya kwanza akifungue hivi: akisimamishe kwa mgongo mezani, alaze jalada la mbele kisha la nyuma, halafu alaze majani kumi kumi kila upande kwa zamu, akipapasa kwenye mshono kwa kidole, hadi afike katikati. Kitabu kipya kinachofunguliwa kwa nguvu katikati hupasuka gundi hapohapo, na kurasa za pande hizo ndizo huanza kutoka. Kivalisheni karatasi ya plastiki kama vitabu vya shule, ila selotepu ishike plastiki tu, isiguse jalada. Jani likilegea, paka gundi nyeupe kwa kijiti cha meno kwenye ukingo wa ndani, upana wa milimita 2, lirudishe, weka karatasi ya nailoni pande zote mbili, kisha kilaze chini ya uzito usiku kucha. Selotepu ndani ya kitabu hugeuka njano na gundi yake hutambaa hadi kurasa jirani.

Msipige mistari ndani. Nukta ndogo ya penseli pembeni yaruhusiwa. Vikaratasi vya kunata viondoeni kabla ya kutuma, maana vikikaa wiki kadhaa kwenye joto huacha ulimbo.

Kwa kifurushi, adui ni maji na pembe kupondeka. Mvua kubwa za kusini ni Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, kaskazini hunyesha tangu Aprili hadi Oktoba, kwa hiyo karibu kila mwezi kuna mguu wenye mvua. Wekeni kitabu na daftari ndani ya kavera (mfuko wa plastiki) nzito, kunjeni mdomo mara mbili, zibeni. Kata vipande viwili vya boksi vilivyozidi kitabu kwa sentimita 2 kila upande, kimoja juu na kimoja chini. Ziada hiyo ndiyo inayopokea kipigo badala ya pembe za jalada. Juu yake karatasi ya kaki, kisha kamba msalaba. Kavera na boksi zitumike tena njia nzima, karatasi ya kaki ibadilishwe kila mara, kwa sababu anwani za zamani zikibaki kifurushi kinaweza kurudi kilikotoka. Anwani ya anayepokea na ya mratibu ziandikwe pia kwenye karatasi ndani ya jalada. Uzito wote hauzidi sana gramu 800: kitabu karibu 450, daftari karibu 200, vinavyobaki ni vifungashio.

Kikifika kimelowa, kisianikwe juani. Kisimamishe kikiwa wazi kidogo, weka karatasi nyeupe kila baada ya majani 20, zibadilishe zikinyonya maji, na feni ikiwepo ielekezwe pembeni yake. Fanya siku hiyohiyo: siku mbili au tatu za unyevu zinatosha ukungu kuanza. Gazeti lisiingie, wino wake huhamia.

Posta au basi

Posta yetu kwa kawaida hupeleka kwenye sanduku, si mlangoni. Asiye na sanduku aombe ruhusa ya la shule, msikiti, parokia au kazini, na anwani iandikwe "kwa mkono wa" taasisi hiyo. Jina liwe lile la kitambulisho cha taifa. "Mama Zaina" anajulikana mtaa mzima, lakini karani wa dirishani ataomba kitambulisho, na majina yasipolingana kifurushi hakitoki. Tumeni kwa rejista: mnapewa namba, mpokeaji anatia saini, na kikipotea pana pa kuanzia kuuliza. Mpeleke Jumatatu au Jumanne, kisilale njiani wikendi. Mpokeaji asingoje taarifa sandukuni tu. Mtumaji amtumie namba ya rejista siku ileile.

Basi lina kasi, mara nyingi usiku mmoja, na halihitaji sanduku. Andikeni namba mbili za simu za mpokeaji, mji na kituo anachochukulia, na mpige picha risiti pamoja na namba ya basi. Udhaifu wake ni baada ya kufika: kifurushi kisichochukuliwa mapema huzikwa chini ya magunia ya watu wengine. Mimi ningetumia rejista kwa miguu yote ambayo mpokeaji ana sanduku la uhakika, na basi kwa iliyobaki.

Kwa njia yoyote, mtumaji apige picha kila ukurasa wa daftari kabla ya kulifunga, na picha abaki nazo mwenyewe hadi mwisho, asije akawaharibia walio mbele. Riwaya ikipotea mtanunua nyingine. Daftari haliuzwi dukani. Kikundi cha simu kitumike kwa "nimepokea", "nimetuma" na risiti. Maoni juu ya riwaya yasiandikwe humo hata kwa kudokeza.

Mzunguko wa pili

Kitabu kikirudi Agosti kinabaki Bombo. Daftari peke yake, jepesi, linaondoka tena kwa njia ileile. Kuanza upya na msomaji wa kwanza ni haki yake: yeye aliandika sehemu zote nne bila kusoma neno la mwenzake. Kila mtu ana siku 10 pamoja na safari, na sasa anajaza ile theluthi ya kulia kwa wino wa rangi yake, akiweka herufi za jina lake. Mkubaliane kila mmoja ajibu angalau watu watatu, na angalau jibu moja liwe swali. Siku 70 zinawafikisha mwishoni mwa Oktoba.

Likikamilika, lirudufuni. Kurasa mbili kwa karatasi moja ya A4 ni karatasi 48 kwa nakala, na kila mtu apate yake. Haya ni maandishi yenu, mna haki nayo. Riwaya yenyewe msiirudufu, hata sura moja ya kumpa aliyekatizwa, kwani inalindwa na sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006. Huyo asubiri zamu yake ya mwisho. Ukurasa wa 12 wa daftari uacheni mtupu hadi mzunguko huu wa pili: hapo kila msomaji aandike riwaya mbili anazopendekeza kwa mwaka ujao, idadi ya kurasa, bei, na duka alikoiona.